Mashine Iliyojikagua Ijumaa

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimesimama koridoni, mkononi nina bisibisi na brashi ya kusafishia taipureta, na nyuma ya mlango wa chumba cha kumbukumbu kulikuwa na kitu kinachotafuna. Krrr, kimya. Krrr-krrr, kimya. Nikamwambia Mzee Luambano, fundi mkuu wa ofisi na mwalimu wangu wa kazi, kwamba panya wameingia kwenye majalada na tungehitaji sumu.

"Hiyo ni kompyuta," akasema. "Inajikagua. Ukiingia usiiguse, usiipulizie, na usiiulize kitu."

Tukaingia. Palikuwa na skrini nyeusi, maandishi meupe, na namba iliyokuwa ikipanda kwa uvivu wa mtu anayepanda mlima Matogoro na mzigo kichwani. Asilimia kumi na moja nukta tatu. Nukta nne. Nukta nne tena. Tulikaa kwenye mabenchi tukaitazama kama watu wanaosubiri ugali wa harusi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika kazi niliyoifanya mpaka juzi waliponipa saa ya ukutani na kunipigia makofi. Saa yenyewe haitembei. Nitaifungua nikipata nafasi, na sasa nafasi ninayo.

Nyie mliobaki mmeniomba niandike. Vyeo sitaandika, kwa sababu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaandika juu ya ule ukaguzi wa mashine inapowashwa, kwa sababu ndio uliowahi kunifanya nijione mwerevu, na ndio ulionionyesha kwamba sikuwa.

Ofisi yetu ilikuwa ya ardhi, hapa Songea mjini. Sitaitaja zaidi ya hapo. Watu walikuja kutoka Peramiho, Maposeni, wengine mbali huko Lusewa, wakitafuta karatasi za mashamba yao. Karatasi zenyewe zilikaa kwenye makabati ya mbao, na mchwa wa Songea hawabagui hati. Ndiyo maana ikaletwa ile kompyuta ya msaada, na skana, ili kila fomu ipigwe picha na kuhifadhiwa. Ilikuja na Linux ndani yake, mfumo wa kuiendesha ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Mtaalamu aliyeifunga alikaa siku tatu, akala chipsi mayai siku zote tatu, akatuachia karatasi moja ya maelekezo, akaondoka. Mzee Luambano aliisoma karatasi ile mpaka ikachanika mikunjo.

Alinifundisha hivi. Diski ni ghala, na faili ni magunia. Kuna daftari linalosema gunia gani liko wapi. Umeme ukikatika ghafla, mbeba gunia anaweza kuwa amelitua sehemu moja huku daftari linasema sehemu nyingine. Hivyo kila baada ya kuwashwa mara thelathini, mashine hiyo ilikataa kuanza kazi mpaka ipite ghala zima na kulinganisha. Amri yake inaitwa fsck. Mzee Luambano alishindwa kuitamka akaiita "fisiki", na mpaka leo nusu ya mafundi wa mkoa huu wanaiita fisiki na hawajui ni nani wa kulaumiwa.

Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: mashine ikijikagua usichomoe waya. Afisa mmoja, msomi kabisa mwenye tai, aliwahi kuchomoa kwenye asilimia sitini kwa sababu aliona imekwama, tukapoteza fomu za kijiji kizima. Ya pili: usiikague diski huku inatumika, maana ni sawa na kumng'oa mtu jino huku anakula muwa. Kanuni hiyo ya pili niliivunja mwenyewe mwezi wangu wa nne. Mzee Luambano hakunigombeza. Alinipa peni na daftari akaniambia niandike kwa mkono majina ya faili mia mbili nilizoziharibu, kisha nizipige picha upya, moja moja. Nilipomaliza nilikuwa nimepata adabu na maumivu ya mgongo, na maumivu ya mgongo ninayo bado.

Aliyeijua mashine ile kuliko sisi sote hakuwa fundi. Alikuwa katibu muhtasi, Bi Saada, mwanamke wa Tunduru, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyofika mbali. Ukaguzi ulikuwa ukimwangukia hovyo. Leo Jumatatu asubuhi watu wamejaa, mashine inajikagua saa nzima. Wiki ile nyingine ni siku ya mkaguzi kutoka mkoani. Wananchi walimtukana yeye, si mashine, kwa kuwa mashine haijibu.

Basi Bi Saada akaanza kuhesabu. Ubavuni mwa kabati alichora mistari kwa chaki, mmoja kila alipoiwasha. Ikifika Ijumaa akatazama. Kama mistari ni ishirini na sita, alikunywa chai yake huku akiizima na kuiwasha, akiizima na kuiwasha, mpaka ibaki mara moja tu. Kisha saa sita, kabla ya kwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, aliiwasha mara ya mwisho. Mashine ikaanza kutafuna, yeye akajitanda ushungi akaondoka.

"Mimi nikisali, nayo ijikague," aliniambia. "Tukirudi wote tuko safi, inshallah."

Nilicheka siku nzima. Mzee Luambano hakucheka. Alisema yule mtaalamu wa chipsi mayai hakuliwaza hilo, na kwamba tangu siku ile ratiba ya ukaguzi iko chini ya Bi Saada. Miaka mingi ikawa hivyo. Mzee Luambano akastaafu, akarudi kwake Maposeni kulima, akaniachia brashi yake ya manyoya ya mbuzi na tochi isiyo na kifuniko nyuma. Nikawa fundi mkuu. Yaani nikawa fundi.

Kisha tukaletewa mkuu mpya. Alikuwa mtu mzuri, alipenda vitu viende haraka. Ijumaa yake ya kwanza alimkuta Bi Saada anaizima kompyuta na kuiwasha mara tano mfululizo na kikombe mkononi. Alirudi ofisini kwake kimyakimya, akaniita, akaniuliza kama yule mama anaumwa. Nikamweleza. Akauliza kama hakuna njia ya kuiambia mashine iache.

Hapa ndipo ningepaswa kusema hapana. Lakini niliijua hiyo amri. Nilikuwa nimeisoma miaka iliyopita na sikuwahi kupata mtu wa kumwonyesha. Inaitwa tune2fs, unaipa sifuri kwenye idadi ya kuwashwa na sifuri kwenye siku, na ukaguzi unakoma. Nikaketi mbele ya mkuu, nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Mkuu alinipiga begani. Nakiri nilitembea koridoni siku ile kama mtu aliyenunua pikipiki.

Bi Saada alifuta chaki zake kwa kitambaa chenye maji.

"Umeinyamazisha," alisema.

"Nimeirahisisha, dada."

"Haya. Mtoto asiyelia naye ni mzima, au siyo?"

Nilimwambia mashine zina kidaftari chao cha kujikumbusha kilichokuwa kinaendelea umeme unapokatika, kwa hiyo zinainuka zenyewe. Ni kweli zinacho, na ni kweli zinainuka. Zinainuka, zinasema ziko salama, unaendelea na kazi. Hata hivyo mtu akianguka kila siku na kila siku akasema yuko salama, ipo siku utamvua shati umtazame. Umeme wetu wa miaka ile ulikatika zaidi ya nilivyosali. Miaka miwili na zaidi hatukumvua mtu shati.

Basi akaja Mama Kandida.

Alikuwa mjane wa Maposeni, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano hivi, mfupi, mikono ya jembe. Alifika saa tatu asubuhi na barua ya baraza la ardhi iliyomtaka awasilishe fomu ya upimaji wa shamba lake kabla ya saa nane mchana siku hiyohiyo. Ekari nne za mahindi. Mumewe alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita, na shemeji yake, Fulgence, alikuwa akidai kwamba shamba ni lake, marehemu aliazimwa tu. Fomu ingelimaliza jambo hilo, kwa kuwa siku ya kupima shamba Fulgence mwenyewe alisaini kama jirani.

Fulgence naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavuka miguu, akamsalimia kila mtu vizuri.

Nikamwamkia mama, nikamuuliza nakala yake iko wapi.

"Iko na baba wa watoto," akasema.

Nilidhani sikuelewa. Akaeleza bila haraka. Mumewe alikuwa na koti moja la suti, na karatasi zake zote za maana zilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti hilo, kwa sababu watoto hawakuthubutu kuligusa. Alipofariki walimzika nalo. Yeye alikuwa chumbani na akina mama wanaolia. Aliyemvisha marehemu koti ni Fulgence.

Sote tukamtazama Fulgence. Akatazama dari.

Nakala ya ofisi ilishaliwa na mchwa, nililijua hilo kabla sijafungua kabati, nikafungua tu kwa heshima. Ikabaki picha kwenye mashine. Nikafungua folda ya Maposeni. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaniambia haiwezi kusoma. Nikajaribu tena. Ikaniambia kwamba folda hiyo haina kitu. Fomu zaidi ya mia tatu, na haina kitu.

"Shemeji," Fulgence akasema kutoka kwenye benchi, kwa upole kabisa, "hata mashine imekukana."

Mama Kandida alimpa mgongo. Alinitazama mimi, na nikajua kwamba usoni kwangu ameshasoma kila kitu isipokuwa sababu.

Mkuu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akashauri niendeshe ule ukaguzi sasa hivi, nijibu ndiyo kwa kila swali mashine itakalouliza, tumalize. Inawezekana kufanya hivyo. Lakini sikilizeni, hili ndilo la kujifunza kama mtajifunza moja tu: fisiki hutengeneza ghala, haitengenezi gunia. Ikikuta gunia limepasuka na daftari halilijui, inaweza kulitupa ili ghala libaki safi. Ghala safi tupu nalo ni ghala safi. Kabla ya kuitengeneza diski iliyougua, inakili kwanza yote kama ilivyo, na uchafu wake, kwenye diski nyingine. Ukikosea, una mgonjwa wa pili wa kuanza naye upya. Kunakili kule kungechukua saa tatu na zaidi. Ilikuwa saa nne kasoro.

Nikazima mashine, nikaiwasha kutoka kwenye CD ili diski yake isiguswe, nikaanza kunakili. Mkuu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina. Akarudi ofisini kwake akafunga mlango, na hilo namshukuru.

Mama Kandida alikaa kwenye stuli pembeni yangu saa zote tatu. Alikataa chai. Aliniuliza mara moja tu kama mashine inaumwa nini, nikamwambia ilikaa muda mrefu bila kukaguliwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani mzembe. Saa sita na nusu Fulgence akainuka, akajinyoosha, akasema anatangulia barazani ili wazee wasimsubiri.

Alipotoka tu Bi Saada akafunga droo yake.

"Mwenyekiti wa baraza amefiwa na mama mkwe," akasema. "Sijampa pole."

"Amefiwa lini?"

"Mwezi uliopita. Nimechelewa sana. Itabidi nimpe pole ndefu."

Akajitanda vizuri akaondoka. Mnaokaa hapa mnaelewa. Mgeni kutoka nje anaweza kuona ni mama mmoja tu anaingia barazani, lakini hakuna mwenyekiti katika mkoa huu atakayemkatiza mama mtu mzima anayempa pole ya msiba. Kwanza anauliza marehemu aliugua nini. Kisha nani alikuwa naye. Kisha alisema nini mwishoni, mazishi yalikuwa wapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, waliotoka mbali walilala wapi. Bi Saada alikuwa na uwezo wa kuuliza habari za kila aliyelala.

Kunakili kulikwisha saa saba na dakika ishirini. Nikaanza ukaguzi. Maswali yalikuja kwa wingi, nami nikayajibu moja moja, nikisoma kila moja kama barua ya posa. Ulipomalizika nikafungua folda inayoitwa lost+found. Kila diski ya namna hiyo inayo, na kwa kawaida iko tupu. Ni stoo ya vitu vilivyookotwa ambavyo mwenyewe hajulikani. Safari hii haikuwa tupu. Fomu za Maposeni zilikuwa mle, karibu zote, lakini hazina majina. Kila moja ilikuwa na namba tu, namba ambayo haimaanishi chochote kwa binadamu.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaanza kuzifungua moja moja. Nusu zilikuwa zimefifia, maana skana yetu ilikuwa mbovu kuliko ilivyofaa, na kusoma jina kulinichukua muda. Mama Kandida hakujua kusoma. Alivuta stuli yake karibu akatazama skrini jinsi watu wanavyotazama mbegu wakizichambua. Saa nane kasoro dakika kumi. Saa nane. Mimi nilikuwa nakodolea majina, yeye sijui alikuwa akitazama nini, mpaka aliponishika mkono.

"Rudi hiyo."

Nikarudi. Karatasi ilikuwa na mwandiko uliofifia, na katikati kulikuwa na duara la kahawia, limekatika upande mmoja.

"Hicho ni kikombe changu," akasema. "Mpimaji alikiweka juu ya karatasi. Nilimsema siku ile, baba wa watoto akaniambia nisimwaibishe mgeni."

Nikakuza picha. Jina la mumewe. Ekari nne. Na chini, upande wa majirani, saini ya Fulgence, kubwa, yenye mkia.

Printa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haikugoma. Nikampandisha mama bodaboda, nami nikapanda ya pili. Tulipoingia barazani ilikuwa karibu saa nane na nusu na Bi Saada alikuwa amefika siku ya tatu ya matanga, anauliza nani alipika. Mwenyekiti alituona akashusha pumzi. Fulgence alipoonyeshwa saini aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema ni mwandiko wake ndiyo, ila siku ile hakuwa na moyo wa kusaini. Wajumbe waliinamisha vichwa wakajifanya wanaandika. Shamba lilibaki la Mama Kandida.

Yaliyofuata ya kiufundi ni mafupi. Nilirudisha idadi ya kuwashwa kuwa thelathini, Bi Saada akarudisha chaki. Mashine za siku hizi mnazotumia nyie hazihesabu chochote zinapotoka dukani, na diski zake hazitafuni, ziko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mtu asiwadanganye kwamba kimya ni afya. Wekeni hesabu wenyewe, chagueni siku yenu, na mtu akiwaomba mzime ukaguzi kwa kuwa unachelewesha, mwiteni Bi Saada. Amestaafu lakini ana simu.

Wiki ile ile, siku ya Alhamisi, Mama Kandida alirudi. Nilikuwa peke yangu chumbani. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, mnono, mwenye macho ya dharau. Aliniwekea mezani, karibu na kibodi. Akasema hana maneno mengi, yeye na wajukuu wake wangekuwa wanalala kwa watu kama si mimi.

Ningeweza kusema asante. Midomo ilishafunguka. Lakini alikaa kwenye stuli ileile, mikono magotini, na nikaona siwezi kumla yule kuku.

Nikamweleza. Nilimwambia juu ya mara thelathini na chaki na Ijumaa, na juu ya mkuu, na ule mstari mmoja niliouandika nikijivuna. Nilimwambia kwamba faili zake hazikupotea kwa bahati mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kuku naye alinyamaza.

"Kwa hiyo aliyeizuia isijikague ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Na aliyenitafutia karatasi ni wewe."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Sijui kwa nini niliamkia tena. Hakuitikia. Alifikiri kidogo, akimtazama kuku, kisha mimi, kisha kuku, kama mpimaji anayeamua kigingi kiende wapi.

"Huyu nilimletea yule wa pili," akasema. "Lakini mkikaa mezani mtakula wote wawili, mwanangu. Hilo siwezi."

Akainuka, akachukua kikapu chake na kuku wake, akanitakia kazi njema. Alitoka akaufunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.